Susan Warner: madeni, kazi za jikoni na mswada uliokataliwa mlango hadi mlango

Kabati la Vitabu (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele. Uzi huu ni wa Susan Warner, yule aliyejificha nyuma ya jina la Elizabeth Wetherell akaandika The Wide, Wide World. Kila anapotajwa humu anatajwa kwa mambo mawili tu, machozi na dini. Yote mawili yamo, tena tele. Ila kinachoziendesha riwaya zake ni pesa: nani anadaiwa, nani kauza nini, nani analishwa na nani, na ni kazi gani ya mikono inayolipia chakula hicho. Usipoliona hilo mapema, sura kumi za kwanza zitakuchosha na kitabu utakifunga.

Maisha yake ndiyo ufunguo. Alizaliwa jijini New York tarehe 11 Julai 1819. Baba yake, Henry Warner, alikuwa mwanasheria mwenye uwezo. Mama alifariki watoto wakiwa wadogo, na shangazi yao Fanny ndiye aliyewalea Susan na mdogo wake Anna. Nyumba nzuri mjini, walimu wa muziki na lugha, watumishi. Mwaka 1836 baba akanunua kisiwa cha Constitution kwenye mto Hudson, mkabala na chuo cha kijeshi cha West Point. Mwaka uliofuata ukaja msukosuko wa fedha wa 1837, ukamkomba. Nyumba ya mjini ikauzwa, na kile kisiwa kikageuka kimbilio. Familia ikahamia kwenye nyumba ya zamani ya shamba ambayo sehemu ya kuta zake ni za enzi za vita vya uhuru, zama zile mnyororo mkubwa wa chuma ulipovutwa kutoka West Point hadi kisiwani (1778) kuzuia meli za Waingereza zisipande mto.

Hawakuwa maskini wa kuzaliwa. Walikuwa watu wa juu walioshuka huku wenzao wakiwatazama, na aibu hiyo imejaa kwenye vitabu vyao. Baba aliendelea kusumbuka na kesi na wadai, vyombo vya ndani vikauzwa kulipa madeni. Mabinti waliozoea kuhudumiwa wakajifunza kupika, kufua, kulima bustani na kupiga makasia. Anna akabuni mchezo wa kadi za wanyama, Robinson Crusoe's Farmyard, na kadi hizo wakazipaka rangi wenyewe, moja moja, kwa mkono. Shangazi Fanny ndiye aliyemwambia Susan kwamba akijaribu anaweza kuandika hadithi, na mwaka 1848 akaanza. Yaani riwaya hii ilizaliwa kama dawa ya deni.

Wenye cha kuongeza karibuni, hasa kuhusu matoleo, maana huko ndiko watu wanakopotea.

Bi Kurasa

Asante mleta uzi. Naongezea safari ya mswada, kisha namna ya kulitambua toleo.

Wachapishaji kadhaa wa New York waliukataa. Mwishowe ukafika kwa George Palmer Putnam. Inasimuliwa kwamba aliupeleka nyumbani, Staten Island, akampa mama yake asome, na mama alipoumaliza akamhimiza mwanawe auchape hata kama hatachapa kitabu kingine. Ukachapwa Desemba 1850, na ndani ya miaka miwili kitabu kikafikisha chapa 14. Miaka ile kilichokuja kukipita kwa kishindo ni Uncle Tom's Cabin cha Harriet Beecher Stowe, mwaka 1852.

Sasa mkononi. Ukikutana na nakala, usiangalie jalada kwanza, fungua ukurasa wa jina.

Toleo la kwanza ni juzuu mbili. Anayekuuzia juzuu moja na kuiita ya kwanza anakosea, au anakukosesha. Mchapishaji ni G. P. Putnam na jina la mwandishi ni Elizabeth Wetherell. Mwaka uliochapwa ni 1851 ingawa vitabu vilitoka Desemba 1850. Hili huwachanganya wengi, kumbe ilikuwa desturi ya wachapishaji kuweka mwaka unaokuja ili kitabu kilichotoka mwishoni mwa mwaka kisionekane cha zamani mwezi mmoja baadaye. Kwa hiyo 1851 kwenye ukurasa wa jina si kasoro.

Ukiona Lippincott wa Philadelphia, hiyo ni chapa ya baadaye. Hapo kagua herufi. Vitabu vya wakati ule vilichapwa kwa mabamba ya madini yaliyomiminwa kutoka kwenye herufi zilizopangwa. Bamba likishatumika sana, nukta zinapotea, ncha za herufi zinavunjika na mistari ya pembeni inafifia. Ukurasa wenye herufi zilizolika unakuambia bamba limezeeka, hata kama mtu ameondoa tarehe.

Nakala za Uingereza ni pori. Nyingi zilichapwa bila mwandishi kulipwa, zikabanwa kwenye juzuu moja kwa herufi ndogo sana. Kama unasoma kwa ajili ya utafiti, usinukuu kutoka humo kabla hujalinganisha na chapa ya Putnam, sura kwa sura. Sura ziwe 52. Zikipungua, umeshika kilichofupishwa.

Mdau wa Pwani

Bi Kurasa, hapo kwenye chapa 14 ndipo panaponitatiza. Kitabu kimeuzwa namna hiyo, halafu wasifu wa hawa dada unasema walibaki kisiwani wakihangaika maisha yao yote. Pesa ilienda wapi?

Hesabu Kamili

Mdau, swali zuri, na majibu yake ni matatu yanayofuatana.

La kwanza ni madeni ya baba. Pato la Susan liliingia kwenye shimo lililochimbwa kabla hajaandika neno. Anayeandika huku wadai wako mlangoni hana nguvu ya kusubiri.

Hapo ndipo linapoingia la pili: kuuza haki moja kwa moja. Mwandishi alikuwa na njia mbili kuu. Anachukua mrabaha, yaani fungu kwa kila nakala inayouzwa, au anauza hakimiliki yote kwa donge moja na kunawa mikono. Chukua mfano wa kubuni tu, ili hesabu ionekane: kitabu cha dola 1, mrabaha wa asilimia 10. Nakala 50,000 zinampa dola 5,000, lakini zinakuja polepole, kwa mahesabu ya kila nusu mwaka, na mchapishaji akifilisika haziji kabisa. Donge la dola 500 linapatikana leo. Mwenye akiba atachagua mrabaha. Mwenye deni la mwezi huu atachukua donge, na kitabu kikija kupendwa faida si yake tena. Dada wa Warner, kwa kubanwa, mara nyingi waliuza haki za vitabu vyao hivyo hivyo. Ndiyo maana ilibidi waandike kingine, na kingine. Orodha ya Susan na Anna ni ndefu kupita kiasi, na sababu ni hiyo.

Na kufilisika hakukuwa nadharia. Putnam mwenyewe alianguka mwaka 1857.

La tatu ni mipaka. Marekani haikuwa na sheria ya kulinda waandishi wa nje hadi 1891, na Uingereza nayo haikumlinda Mmarekani kwa urahisi. Kila upande ulichapa vitabu vya mwenzake bure. Susan alifariki Machi 1885, miaka sita kabla ya sheria hiyo. Uingereza ilimsoma kwa wingi, lakini sehemu kubwa ya mauzo hayo haikumfikia.

Palikuwa na upenyo mmoja, na kilichouthibitisha mahakamani ni kitabu cha mwandishi mwenzake wa fani hii hii, Maria Cummins wa The Lamplighter (1854). Riwaya yake Haunted Hearts ilipotolewa London mwaka 1864, yeye alikaa Montreal kwa muda. Montreal ilikuwa ardhi ya himaya ya Uingereza. Mchapishaji Routledge akaichapa bila ruhusa, Sampson Low, mchapishaji wake halali wa London, akamshtaki, na mwaka 1868 Baraza la Malodi, mahakama ya juu ya Uingereza wakati ule, likaamua kwamba mgeni aliyepo kwenye ardhi ya himaya, hata kwa siku chache, wakati kitabu kinatolewa kwanza Uingereza, anapata hakimiliki. Masharti mawili kwa pamoja: kitabu kitoke kwanza kule, na mwili wa mwandishi uwe ndani ya himaya siku hiyo. Kosea moja, umepoteza. Na safari ya Kanada ni nauli na malazi, gharama ambayo mtu wa kisiwa chenye wadai hakuimudu kirahisi.

Linganisha na Fanny Fern, mwandishi wa makala za magazetini. Robert Bonner wa gazeti la New York Ledger alimlipa dola 100 kwa makala moja ya wiki, mwaka 1855. Wanawake waliouza kwa magazeti ya kila wiki yenye mlipaji mwaminifu waliishi vizuri kuliko waliouza vitabu kwa donge, hata pale vitabu vyao vilipopendwa zaidi.

Mdau wa Pwani

Nimeelewa, mkuu. Hapo kwenye mwili kuwa ndani ya himaya sikuwahi kupajua.

Chuo cha Kati

Mimi napinga kidogo. Pesa sawa, ila Ellen Montgomery, mhusika mkuu wa The Wide, Wide World, ni mtoto anayeonewa kurasa mia nne na anaambiwa avumilie. Mwandishi wa riwaya Nathaniel Hawthorne alimwandikia mchapishaji wake mwaka 1855 akilalamikia kundi la wanawake waandishi lililoteka wasomaji, na The Lamplighter ndiyo iliyomkera zaidi. Alikuwa na wivu wa mauzo, ni kweli. Lakini swali la sanaa linabaki: tendo liko wapi?

Kabati la Vitabu

Ndugu Chuo, tendo liko kwenye vitu. Nikuonyeshe mahali patatu.

Mwanzoni baba amepoteza kesi, mama ni mgonjwa na daktari ameagiza Ulaya, mtoto atapelekwa kijijini kwa Fortune Emerson, dada wa baba. Mama anataka Ellen aende na vitu vyake. Pesa ya mume haitoshi. Anaingia kwa sonara na kuuza pete iliyokuwa ya mama yake mzazi. Kwa pesa hiyo wananunua Biblia, kisha sanduku la kuandikia. Hesabu vinavyoingia: karatasi za barua kubwa na ndogo, bahasha, kalamu za chuma na za manyoya, lakiri za rangi mbalimbali, kisu cha pembe cha kukatia kurasa, rula, penseli ya fedha, penseli za kuchorea, raba. Wahakiki wengi waliiruka sura hii kama orodha ya dukani. Lakini mama anayejua anakufa anabadilisha urithi wa ukoo kuwa zana za kuandikia barua, ili mtoto aweze kumfikia. Baadaye Shangazi Fortune anaificha barua ya mama, na uzito wa kosa hilo unaupata tu kama uliisoma orodha ile taratibu.

Mahali pa pili ni soksi. Ellen anafika na soksi nyeupe za mjini. Shangazi anazichovya rangi ya kijivu kwa sababu nyeupe inataka kufuliwa kila mara, na maji, sabuni na mikono ni vyake. Mtoto analia. Shangazi ana ukali usio na huruma, lakini hesabu yake ya dobi ni sahihi, na Warner anajua hivyo kwa kuwa mwenyewe alishafua. Hapo ndipo ubora wake ulipo: adui anapewa sababu za kweli.

Pa tatu ni ile shughuli ya kumenya matofaa. Majirani wanaitwa usiku mmoja, hawa wanamenya, wengine wanakata vipande na kutoa mbegu, wengine wanashughulikia nyama ya nguruwe ya soseji. Mwenye nyumba halipi mshahara, analipa kwa chakula cha usiku na michezo. Fortune hapendi kelele ndani ya nyumba yake, lakini anajua kazi ya wiki itaisha kwa usiku mmoja. Huo ni uchumi wa kijiji umeandikwa na mtu aliyeushika.

Kuhusu uvumilivu, nakubali nusu. Dini ya kitabu inamtaka Ellen ashinde hasira yake, na kwa msomaji wa leo inabana. Lakini angalia anaposhika nyumba. Shangazi akiugua, mtoto huyo ndiye anayepika na kusuka siagi, akisaidiwa na Van Brunt, msimamizi wa shamba. Mikono yake imejifunza.

Mfasiri wa Kale

Sura hizo zinawashinda wafasiri kwa sababu ya majina ya kazi, kwa hiyo naweka yanayofaa.

Ile shughuli ya majirani isifasiriwe kwa neno la mkutano wala sherehe. Ni ujima, na msomaji wa Tanga ataielewa haraka zaidi kwa msaragambo. Harambee ya leo imeegemea mno kwenye michango ya fedha. Kifaa cha kidoleni cha kushonea ni kastabani. Nta ya kufungia barua ni lakiri, neno tunalo tangu zamani. Kile kitambaa ambacho Ellen anatumwa kukinunua peke yake, na karani wa duka anamdharau hadi mzee mmoja anapoingilia kati, ni sufu laini ya kondoo wa merino. Ukiandika "kitambaa" tupu, sura inakufa, kwani ugomvi wenyewe ni juu ya ubora na bei.

Kwenye siagi watu wanakosea zaidi. Kusuka siagi hakufanani na kukoroga. Malai hukusanywa siku kadhaa, huachwa yachachuke kidogo, kisha hupigwa kwenye pipa lenye mchi hadi mafuta yashikane na maji yajitenge. Malai yakiwa baridi mno utapiga saa nyingi bila kitu, yakiwa na joto siagi inatoka laini kama uji. Kadiri ya nyuzi 14 hadi 17 za selsiasi ndipo kazi inakwenda. Baada ya hapo siagi huoshwa kwa maji baridi na kukandwa hadi maji yatoke yote, la sivyo inaoza haraka. Mfasiri asiyejua hatua hizi ataandika mtoto "alikoroga maziwa", na kazi ya bega ya asubuhi nzima imefutika.

Chuo cha Kati

Nimeisoma upya sura ya soksi. Natengua lile la tendo, mkuu. Ila nina jingine, la John Humphreys, kijana anayekuwa kama kaka kwa Ellen. Anamfundisha, anamchagulia vitabu, halafu ndiye wa kumuoa. Inanisumbua.

Bi Kurasa

Inasumbua wengi, na kwa haki. Kitabu kama kilivyochapwa kinaishia Uskoti kwa akina Lindsay, ndugu wa mama, wanaomtaka Ellen abadili jina na kusahau marafiki wa Marekani. Ndoa inadokezwa tu. Lakini Warner aliandika sura moja zaidi ambayo haikuchapwa wakati wake. Ilitokea hadharani katika toleo la Feminist Press la 1987, pamoja na maelezo ya mhakiki Jane Tompkins. Humo Ellen na John wameshaoana, Ellen anaonyeshwa chumba alichoandaliwa, na humo kuna droo ya pesa aliyokabidhiwa aitumie. Kwa hiyo hoja ya mleta uzi inafungwa na mwandishi mwenyewe: kilichoanza kwa pete iliyouzwa kinaishia kwenye droo yenye fedha, ingawa droo imetoka mkononi mwa mume.

Kwa msomaji wa mara ya kwanza, tafuta toleo hilo. Maandishi ya bure mtandaoni ni halali kabisa, hakimiliki ilishaisha, ila sura hiyo kwa kawaida hutaikuta. Na picha za kurasa zilizosomwa na mashine zina makosa mengi kwenye mazungumzo ya kijijini ya Van Brunt, kwa sababu mashine haizijui tahajia za lafudhi yake.

Sauti ya Pili

Dada Anna mbona amepita kando? Wengi humu wanaujua utenzi wake bila kumjua. Wimbo wa shule ya Jumapili wa "Yesu anipenda", unaoimbwa na watoto kuanzia Mombasa hadi Bukavu, maneno yake ni ya Anna Bartlett Warner. Yalitoka ndani ya riwaya, Say and Seal ya 1860, waliyoiandika pamoja: mwalimu anamwimbia mtoto anayekufa. Mwaka 1862 William Bradbury akatia muziki na kuongeza kiitikio cha "Ndiyo, Yesu anipenda". Kiitikio hicho hakimo riwayani.

Makosa ya kawaida: vitabu vya nyimbo humtaja Bradbury peke yake, au humpa Susan. Sahihi ni maneno Anna, muziki na kiitikio Bradbury. Jina la kalamu la Anna lilikuwa Amy Lothrop, na riwaya yake Dollars and Cents (1852) ndiyo inayosimulia anguko la familia kwa uwazi zaidi kuliko chochote cha Susan. Anayefuata hoja ya pesa asiiache.

Mdau wa Pwani

Nilidhani wimbo huo ulitungwa na wamisionari huku huku. Sasa mpangilio wa kusoma uweje, kwa asiye na muda wa vitabu thelathini?

Kabati la Vitabu

Vitatu vinatosha, Mdau. The Wide, Wide World kwanza. Soma sura ya 1 hadi ya 5 kwa kituo kimoja, ili duka, pete na safari vishikane. Kisha Queechy (1852), ambayo kwangu ndiyo bora kwa kazi za mikono: binti aitwaye Fleda anaendesha shamba ili watu wazima walioshindwa wale. Jina limetokana na ziwa la Canaan, New York, upande wa ukoo wa baba yao. Cha tatu Dollars and Cents ya Anna. Baada ya hapo, ukitaka kuiona Kusini ya watumwa kwa macho ya Susan, ipo Daisy (1868), ila anza na Melbourne House (1864), la sivyo hutawajua watu.

Wasifu wa kuutegemea ni ule Anna aliouchapa mwaka 1909, kwa sababu umenukuu shajara za dada yake. Usome ukijua ni mdogo anayemlinda mkubwa wake. Kwa baba ni mpole mno.

Na kisiwa? Dada hao walifundisha Biblia kwa wanafunzi wa West Point kila Jumapili mchana, vijana wakivushwa kwa mashua, na Anna aliendelea peke yake baada ya 1885. Mwaka 1908 Margaret Sage, mjane tajiri, alikinunua kisiwa, na yeye na Anna wakakikabidhi kwa serikali kiwe cha chuo. Anna akaruhusiwa kuishi humo hadi alipofariki mwaka 1915. Wote wawili wamezikwa kwenye makaburi ya kijeshi ya West Point, ng'ambo tu ya maji kutoka nyumbani kwao.